Kutoka Ipogolo hadi Isyonje: tukifuata maji na taka za miji yetu

Jumapili jioni, Iringa

Muhula mzima tumesoma miji ya watu. Mwalimu wetu wa mipango miji alimgawia kila mmoja jiji lake la kuchimba: mmoja Curitiba ya Brazil, mwingine Bogotá ya Kolombia, wa tatu Kigali, wa nne San Francisco ya Marekani, nami nikaangukiwa na Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga jiji alilopewa. Tumesoma ripoti, tumechora ramani upya kwa mkono, tumebishana bwenini usiku juu ya mabasi na mifereji ya watu tusiowajua, mpaka tukazoea kuitana kwa majina ya miji hiyo. Humu nitawaita hivyo hivyo.

Sasa imefika sehemu ya pili ya utafiti. Tunapita Iringa na Mbeya tukiwa na yale tuliyoyasoma, tuone lipi lina nafasi kwetu na lipi halina. Mwalimu alitupa masharti mawili: tufuate maji na tufuate taka, kwa miguu inapowezekana; na mtu asifungue daftari mbele ya mwenyeji kabla hajamsalimia na kukaa naye.

Mimi nimezaliwa Mbeya na jambo hili nina haraka nalo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Manispaa ya Iringa ilitoka 151,345 ikafika 202,490 katika muda huo huo. Curitiba anatukumbusha mara kwa mara kwamba jiji lake lilipoanza mageuzi mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa na watu laki sita hivi, yaani halikuipita Mbeya ya leo kwa mbali. Anayesema mambo haya ni ya miji mikubwa, sisi tusubiri tukue kwanza, anatupotezea miaka ambayo kurekebisha bado ni rahisi. Mtaa uliokwisha kujengwa vibaya haubomolewi kwa kikao kimoja.

Jumatatu, Ipogolo

Mji wa Iringa umekaa juu kilimani, mto Ruaha Mdogo unapita chini, na barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita Ipogolo, huko huko bondeni. Tumeshuka asubuhi wakati ukungu bado umelala juu ya mto, tukaacha lami darajani, tukashika njia ya miguu kandokando ya maji.

Ni mwishoni mwa mwezi wa nane, ardhi ya juu imekauka na vumbi linapeperuka, lakini bondeni kote ni kijani. Hivi ndivyo vinyungu: bustani za kiangazi zinazolimwa kwenye unyevu wa mto, kabichi, chainizi, majani ya maboga, maharage, na mahindi yatakayouzwa mabichi kabla ya msimu wa mvua. Mwenye kinyungu huchimba vijifereji kwa jembe, akainua matuta katikati, na maji yanajipandisha yenyewe hadi kwenye mizizi. Hakuna pampu wala mafuta. Mtu akitaka kuona kilimo cha mjini kinachoendeshwa kwa akili kuliko kwa fedha, aje hapa.

Tatizo ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huku kila mtu anaijua hiyo "mita sitini", hata watoto. Tulimkuta mzee mmoja akipalilia, tukamwamkia, "Kamwene, baba," akaitika, akatuonyesha pa kukaa kwenye gogo. Kinyungu chake alikirithi kwa baba yake. Tulipofika kwenye sheria alisimamisha jembe.

"Mita sitini nazijua, wanangu, nilishaonyeshwa kwa kamba. Lakini yule wa huko juu, mvua ikinyesha anafungulia choo chake kije huku, yeye mita zake zinapimwa na nani?"

Swali hilo tumelijadili mpaka jioni. Maji ya hapa yanaingia Ruaha Mkuu, yanafika bwawa la Mtera lenye mitambo ya umeme ya megawati 80, yanashuka Kidatu yenye megawati 204, na hatimaye yanaingia Rufiji, juu kidogo ya Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Taa za nchi zinamtegemea mzee huyu asiharibu ukingo, lakini pia zinategemea vyoo vya Iringa visifurike. Msimamo wangu niliuandika usiku: ukanda wa kwanza kandokando ya maji upandwe matete, ambayo yanashika udongo na yanauzika kwa wafuga ng'ombe wa maziwa, halafu anayepoteza matuta yake pale awe wa kwanza kupewa haki ya kuyakata na kuyauza. Kumwondoa mtu kwenye chakula chake kwa kamba ya vipimo tu, bila kumwonyesha atakula nini, hakujawahi kuulinda mto wowote ninaoufahamu.

Jumanne, Iringa juu

Siku ya Bogotá. Jiji lake tangu 1974 hufunga barabara kwa magari kila Jumapili, siku hizi zaidi ya kilomita 120, watu wakaendesha baiskeli na kutembea katikati ya lami. Alitaka kuona wanaotembea kwa miguu hapa wanapewa nini. Tulisimama kwenye mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo: wanafunzi, akina mama wenye ndoo za nyanya kichwani, wazee wa kwenda hospitali, wote wanabanana kwenye ukingo wa lami huku bodaboda zikikata kona. Wengi kabisa wanatembea, na njia yao ndiyo nyembamba kuliko zote.

Jioni tulipanda jiwe la Gangilonga. Kutoka juu unaona jinsi mji ulivyoanza kumwagikia kwenye miteremko ya mawe ambako lori la taka halitapanda kamwe. Curitiba alichora miteremko hiyo kwa muda mrefu. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilijitokeza Mbeya.

Jumatano, njiani

Basi limepita misitu ya Sao Hill, misonobari iliyopangwa mistari hadi macho yanachoka, na magari ya mbao na nguzo za umeme yakipishana nasi Mafinga. Kuanzia Makambako upepo unakuwa mkali. Tukishuka kuelekea Chimala hewa inabadilika ghafla, joto la bonde la Usangu linaingia madirishani, na pande zote ni majaruba ya mpunga yaliyovunwa. Ni katika bonde hili maji mengi huchukuliwa, na tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi huko chini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwalimu alituambia tuangalie tu na kuandika.

Nilihesabu magunia ya mkaa yaliyosimamishwa kando ya lami mpaka nikaacha. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Magunia haya yanaelekea mijini, kwa hiyo hata ukataji wa miti wa vijijini unaanzia jikoni kwetu mjini. Basi lilipopanda kutoka Igurusi na Inyala kuingia Uyole jua lilikuwa limezama na kila abiria alishavaa sweta.

Alhamisi, Mwanjelwa

Saa kumi na moja alfajiri soko liko macho. Canter zinatoka Isyonje, Ntokela na Tukuyu, zimeinama kwa uzito: viazi kwenye magunia ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo na kufumwa kofia juu, ingawa lumbesa imepigwa marufuku miaka na miaka, mikungu ya ndizi iliyozungushiwa majani makavu ya mgomba isichubuke, kabichi zilizorundikwa bila gunia. Makuli wanapokea kwa mabega, dalali anaita bei, mwenye ushuru anahesabu. Soko hili liliungua 2006 likajengwa upya, na biashara imelizidi, imemwagika hadi Kabwe.

Nilikaa karibu na mama mmoja muuza kabichi. Ana kisu kifupi kilicholiwa na tupa. Anachukua kabichi, anaizungusha mara moja kiganjani, anakata kikonyo, anabandua majani matatu ya nje, wakati mwingine manne, anatupa nyuma bila kugeuka, anaipanga mbele ikiwa inang'aa. Yale ya nje yamepondeka njiani na mteja hayataki. Kufikia saa mbili rundo lililo nyuma yake lilikuwa limempita kimo alivyokaa. Pembeni kuna maganda ya mahindi mabichi, majani ya mgomba, viazi vilivyooza, vikonyo, na juu yake vikombe vya plastiki vya chai.

"Mwanangu," aliniambia, "haya majani mimi nalipa ushuru yaingie mjini, halafu nalipa hela ya taka yatoke."

Nikaliandika vile vile alivyolisema, maana ndani yake mna utafiti wetu wote.

Kwa ruhusa ya uongozi wa soko tulichukua mzigo wa kizimba kimoja cha taka, tukaumwaga kwenye turubai na kuuchambua kwa glavu: mabaki ya mimea upande mmoja, plastiki, karatasi na maboksi, vioo na chuma, na yasiyotambulika. Rundo la mimea lilikuwa kubwa kuliko mengine yote yakiwekwa pamoja. Na lilikuwa zito. Majani ya kabichi ni maji matupu. Gari la taka linalotoka hapa kwenda dampo la Nsalaga linachoma dizeli kubeba maji na rutuba ya milima ya Uporoto, na likifika linaifukia. Ikifukiwa bila hewa inatoa gesi ya methani na maji meusi yenye sumu. Vijana watatu wanaookota chupa walikuja kutusaidia kuchambua bila kuombwa. Mikono yao ilikuwa na kasi kuliko yetu wote, na bei ya kilo ya kila aina ya plastiki wanaijua kichwani.

Hapo Curitiba akazungumza. Jiji lake lilianza kutenganisha taka 1989, kwa kampeni iliyowaambia watu kuwa kuna taka ambazo si taka, na likaanzia kwa watoto shuleni. Mwaka 1991 likaweka utaratibu ambao mpaka leo unasimuliwa: mkazi analeta kilo nne za taka zinazorejelezwa, anapewa kilo moja ya matunda na mboga. Mboga zenyewe jiji lilinunua kwa wakulima wa jirani waliokuwa na ziada isiyo na soko. Uliwalenga watu wa vitongoji ambavyo gari la taka halikuweza kuingia. Sasa nikaelewa kwa nini alichora ile miteremko ya Iringa. Mbeya pia ina mitaa ya namna hiyo, ukipanda kuelekea mlima Loleza vichochoro vinakuwa ngazi za udongo, na mama anayeishi kule hawezi kusubiri lori ambalo halitakuja. Lakini ana miguu, na ziada ya kabichi ipo Mwanjelwa kila siku.

Nami nikaleta ya Seoul. Korea Kusini ilianza 1995 kuwalipisha watu kwa ujazo wa taka wanazotupa, ikapiga marufuku kufukia mabaki ya chakula moja kwa moja kuanzia 2005, na kuanzia 2013 wakazi wa Seoul wakawa wanalipa kulingana na kiasi cha mabaki yao, baadhi kwa mizani ya kielektroniki. Mabaki hayo hugeuzwa chakula cha mifugo, mbolea na gesi. Mizani ya kielektroniki kila mtaa siitarajii Mbeya. Ninachokichukua ni mpangilio: walitenganisha kwanza, wakapata pa kupeleka, ndipo wakakataza. Kwetu mara nyingi katazo linatangulia na vingine vinasubiri.

San Francisco ndiye aliyeuliza swali lililotupeleka mbele. Jiji lake lililazimisha kila nyumba kutenganisha mabaki ya mimea na chakula tangu 2009, na mboji yake inakwenda mashambani, yakiwemo mashamba ya zabibu nje ya jiji. "Hizi Canter," akasema, "zikirudi mlimani zinabeba nini?"

Tulimfuata dereva aliyekuwa anafunga turubai. "Narudi mtupu, dada. Labda magunia matupu na abiria wawili."

Ijumaa, mto Nzovwe

Leo ilikuwa zamu yangu, na nilikuwa nimeisubiri. Tulianza na mto asubuhi tukiufuata unavyopita katikati ya makazi. Sehemu za juu maji yanacheza juu ya mawe na akina mama wanafua. Kadiri unavyoshuka ndivyo nyumba zinavyosogelea ukingo, na kwenye kila kalvati kuna bwawa la chupa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli haipo kama ilivyokuwa zamani. Zilizobaki ni chupa, vifungashio na nepi. Watoto wawili walikuwa wanavua kwa chandarua. Tuliwauliza wanapata nini, wakatuonyesha kopo lenye viluwiluwi.

Niliwasimulia wenzangu habari za Cheonggyecheon. Kijito hicho cha katikati ya Seoul kilifunikwa zege kuanzia 1958 kwa sababu kilikuwa mfereji wa uchafu, kisha ikajengwa barabara ya juu iliyokamilika 1976. Mwaka 2003 jiji likaanza kuibomoa barabara ile, ingawa bado ilikuwa inabeba magari, na mwaka 2005 kilomita 5.8 za kijito zikafunguliwa kwa watu. Waliohofia msongamano mkubwa wa magari hawakuuona, na hewa kandokando ya maji ikawa baridi kuliko mitaa ya jirani.

Hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ina uzito ule ule kwangu. Maji yale kwa kiasi kikubwa yanasukumwa kwa pampu kutoka mto Han, tani 120,000 kwa siku. Na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiishi kwa kuuza chini ya barabara ile walihamishwa, wengi wao hawakurudi kwenye biashara kama ile waliyokuwa nayo. Mwalimu alituangalia. Sote tulikumbuka Oktoba 2021, wamachinga walipohamishwa katika miji yote ya Tanzania. Kigali akasema mama yake mdogo alikuwa mmoja wao.

Nzovwe haujafunikwa. Bado unajiendesha wenyewe, hauhitaji pampu, na gharama ya kuuokoa leo ni ndogo kabisa ukilinganisha na walicholipa Wakorea. Ninachokiomba kwa mto huu ni kitu kimoja, nacho nimekiandika kwa herufi kubwa kwenye ripoti: UKINGO UWE NJIA. Mahali ambapo watu wanapita kila siku kwa miguu, watoto wakienda shule na wazee wakienda sokoni, hapatupwi taka kwa urahisi, maana kuna macho. Bogotá alifurahi, alisema ndiyo njia ya waenda kwa miguu aliyokuwa akiitafuta tangu Iringa. Wakati huu barabara kuu inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi, tuna nafasi ya kufikiria pia njia ya pili inayokatiza mji mzima bila kukutana na lori hata moja.

Jumamosi, mtaani

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tulijiunga na mtaa mmoja wa Isanga, mafagio, mapanga na matoroli. Utaratibu huu ulipata nguvu baada ya tarehe 9 Desemba 2015, sherehe za Uhuru zilipofutwa na nchi nzima ikaambiwa ifanye usafi.

Kigali alishika toroli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Rwanda ina Umuganda, siku hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi, wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanawajibika kushiriki. Wageni wengi huishia kusifia mitaa iliyofagiliwa. Yeye amesoma zaidi kuhusu kinachofuata baada ya kazi: majirani hukaa kikao, wakaongea mambo ya mtaa, nani ana shida, mfereji upi umeziba, kazi ijayo ni ipi. Hapa kwetu saa nne maduka yalifunguliwa na kila mtu akaenda zake. Rundo tulilokusanya likabaki kwenye kona kungoja gari.

Mwenyekiti wa mtaa alisimama nasi kidogo. Tulimwuliza kama kikao cha nusu saa kingewezekana. Akafikiri. "Watu watakaa kama kuna cha kuamua. Mkiwaita kuwahutubia tu, hawakai." Kigali aliandika neno kwa neno.

Jumapili, Isyonje

Baada ya ibada tulipanda na yule dereva wa Canter. Kutoka Uyole barabara ya Tukuyu inapanda safu ya Uporoto, baridi inaongezeka kila kona, na kufika Isyonje udongo umekuwa mweusi, laini, wa volkano. Mashamba ya viazi yamepanda hadi miteremko ambayo mtu analima akiwa amesimama wima. Magunia yamepangwa kando ya barabara yakisubiri wanunuzi.

Mwenyeji wetu ni mama anayelima viazi na mumewe na wanawe. Tulimweleza wazo: mabaki yanayotoka mashamba ya huku na kutupwa Mwanjelwa, majani na viazi vilivyooza, yarudi kwa Canter ile ile inayorudi tupu. Anatumia mbolea ya dukani, ile ya ruzuku iliyoanza 2022, na samadi ya ng'ombe wake wawili isiyotosha hata robo ya shamba. Tulidhani atafurahi.

Alinyamaza, akainama, akang'oa shina moja la kiazi lililolegea majani wakati udongo una unyevu. Akakata shina lile kwa kucha karibu na mzizi, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maji na kutuambia tusubiri. Baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuchuruzika kutoka kwenye shina ukishuka ndani ya maji.

"Huu ni mnyauko. Bwana shamba alitufundisha kuupima hivi. Ukiingia shambani unakaa miaka. Sasa nyinyi mnataka kuniletea viazi vilivyooza vya watu wa kila kijiji nivimwage hapa?"

Hakuna mtu aliyejibu haraka. Bakteria huyo huishi kwenye udongo na kwenye mabaki ya viazi, na dawa ya kumtibu akishaingia haipo. Dereva naye akaongeza lake: gari lile kesho yake linabeba chakula, hawezi kupakia taka mbichi zinazovuja maji halafu apakie viazi vya watu. Maneno hayo mawili yalitufaa kuliko sura nzima za vitabu tulivyobeba.

Tukakaa chini ya mti na wenyeji wetu kulichambua. Joto linaua. Rundo la mboji lililopangwa vizuri, mabichi na makavu kwa tabaka, lenye unyevu wa kiasi kwamba ukikamata konzi na kulikamua linatoa tone moja au mawili, hupanda lenyewe hadi zaidi ya nyuzi 55. Kanuni inayofuatwa sana Marekani kwa mboji ya marundo ya wazi inataka joto hilo lidumu siku 15 na rundo ligeuzwe angalau mara 5, ili ya pembeni nayo iingie katikati. San Francisco alikuwa na hayo yote kwenye daftari. Lakini mama akasema asichokuwa nacho yeye ni imani kwamba kijana wa mjini atageuza mara zote tano siku za mvua. Ana haki.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi, na yeye ndiye aliyeweka sharti la kwanza. Viazi haviingii kabisa. Rundo ni la majani ya mgomba, kabichi, maganda ya mahindi na vikonyo, yaliyotengwa sokoni na wenye meza wenyewe kabla hayajachanganyikana na kitu. Kazi ya kuozesha inafanyika chini, upande wa Uyole, ambako taka za sokoni zinafika bila kubebwa na gari la chakula. Kinachopanda mlimani ni mboji iliyokomaa, kavu, kwenye magunia, ambayo haivuji na inapungua karibu nusu ya uzito. Na hata hiyo haiendi kwenye viazi mwaka wa kwanza. Inaanza kwenye mahindi na pareto, naye ataiangalia kwa macho yake.

"Ndaga," yaani asante, alisema tulipokuwa tunaaga, akatupakia debe la viazi bila kutuuliza kama tunavitaka.

Jumatatu, Uyole

Asubuhi tumekaa na mtafiti wa udongo, tukamweleza mpango. Ametuomba sampuli za mboji kila rundo kabla halijaondoka, na sampuli za udongo wa shamba la mama kabla na baada ya kuweka. Amesisitiza jambo ambalo hatukuwa tumelipa uzito: vipande vidogo vya plastiki, vile vya vifuniko na vifungashio, vikiingia kwenye mboji havitoki tena shambani. Uchambuzi wa pale mezani ndio unaoamua kila kitu kinachofuata.

Mchana tulirudi Mwanjelwa kwa mama wa kabichi. Tulimwuliza kama akiwekewa ndoo mbili, moja ya majani na moja ya vikombe na mengineyo, angeweza kutupa bila kuangalia nyuma kama anavyofanya sasa. Alicheka, akaweka ndoo moja kila upande wake, akajaribu na kabichi kadhaa. Ya majani inampasa iwe kulia kwa sababu mkono wa kisu ndio unaobandua. Halafu akauliza la kwake: je, atakayetenganisha atapunguziwa hela ya taka?

Ni swali la haki, na sisi hatuna mamlaka ya kulijibu. Tumeliweka la kwanza kwenye barua ya kwenda kwa uongozi wa soko na halmashauri, kabla ya ombi la eneo la kuozeshea na kabla ya ombi la vijana wanaookota chupa waajiriwe kusimamia vizimba, maana wanajua taka kuliko sisi. Curitiba ameandika rasimu, mimi nimeongeza ya Seoul, Kigali ameomba barua isomwe kwenye kikao cha wenye meza kabla haijapelekwa popote. Kikao ni Alhamisi jioni, soko likishafungwa. Mwalimu na wengine wanarudi chuoni kesho. Mimi na Kigali tunabaki.